Inchi Tatu Kati Yangu na Bwana Safari

Jumatatu, 3 Machi 1952

Daftari hili nimepewa na Bwana Narendra, mwenye karakana, niandike midundo ya mipira: tarehe, mpira wa ngapi, inchi ngapi. Kurasa za mbele ni zake. Za nyuma nimejipa mwenyewe, maana yeye husoma Kigujarati na Kiingereza, Kiswahili hukisema tu, kwa hiyo huku nitasema nitakavyo.

Leo tumepigilia ukutani ubao wenye alama za inchi. Mwaka jana timu za mitaa ziligombania mipira msimu mzima. Kila timu ilileta wa kwake. Mmoja umelowa maji haunyanyuki, mwingine umejazwa upepo mpaka unamruka mtu kichwani. Mechi ya mwisho iliishia kwa kurushiana mawe. Sasa kamati ya ligi imeamua mipira yote itoke karakana moja, na kila mpira upimwe kabla ya kwenda uwanjani. Unaachiwa kutoka futi sita uanguke kwenye saruji. Ukidunda chini ya inchi thelathini na nane, haufai. Ukizidi arobaini na mbili, haufai vilevile.

Karakana ni hii yetu ya Mtaa wa Msimbazi, na mpimaji ni mimi. Kamati walitaka mwanamume. Bwana Narendra akawaambia, "Severa ndiye anashona. Mpira ukikataa, yeye anajua umekataa wapi." Nimepewa pia mhuri wa kupiga kwenye mpira unaofaa. Kwa miaka sita nimeshona mipira ya watu bila mtu kujua nani kashona, na leo nina mhuri. Nimeupiga mara tatu kwenye kipande cha ngozi mbovu ili niuone tu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wetu ni huu. Benjamini, fundi mwenzangu, anapanda kwenye benchi, anashika mpira usawa wa alama ya juu, anauachia. Mimi niko kwenye mkeka wangu, miguu nimenyoosha kama ninavyoshona, natazama tumbo la mpira linafika alama gani. Sihitaji hata kuinuka. Nashona, napima, nashona.

Benjamini ni Mngoni na mimi Mmwera, kwa hiyo tuna utani. "Babu zangu waliwapima babu zako kwa mikuki," anasema. "Leo umepata ubao, unajiona!" Nikamwambia afunge mdomo aachie mpira.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi wa kamati kaja. Anaitwa Bwana Safari, aliyekuwa sajini kwenye vita vya Burma, na hajasahau. Ni mrefu kama mlango. Nilimkaribisha kiti, akasema, "Nikiwa kazini sikai." Akasimama wima hatua tatu kutoka ubaoni, mikono nyuma.

Nilimwekea mipira kumi na miwili yenye mhuri wangu. Kapitisha saba. Mitano kasema haifiki.

Nimeirudia mitano yote baada ya yeye kuondoka. Inafika.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Ngozi imekuwa nzito mikononi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimemwambia Bwana Safari tutazame pamoja, mpira uleule, mdundo uleule, tuone. Benjamini akaachia.

"Arobaini na moja," nikasema.

"Thelathini na nane kasoro," akasema yeye. "Haufai."

"Bwana Safari, tazama vizuri."

"Nimetazama, Bi Severa. Wewe ndiye unatazama unachokitaka."

Benjamini akaachia tena. Nikaona arobaini na moja. Akaona thelathini na nane kasoro. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Inchi tatu! Si unywele, ni inchi tatu, upana wa vidole vyangu vinne. Mtu mwenye macho hawezi kukosea inchi tatu mara tatu. Kwa hiyo mmoja wetu anasema uongo, na mimi najijua.

Nikamgeukia Benjamini. Akasema, "Dada, mimi kazi yangu kuachia." Mwoga.

Nikamgeukia Bwana Narendra, aliyekuwa kwenye kiti chake kaunta. Akakuna kidevu. "Mimi naona thelathini na tisa na nusu." Huyu naye! Hataki kumuudhi sajini, hataki kuniudhi mimi, basi anakata katikati kama mtu anayegawa muhogo. Nimemkasirikia kuliko hata Bwana Safari.

Bwana Safari kakataa mipira sita.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nilikwenda Mnazi Mmoja kuangalia mechi. Mpira ulikuwa wangu, nilijua kwa mshono wa mdomoni, pale pa kujazia upepo. Ulidunda vizuri sana. Watu walipiga kelele juu ya refa, juu ya golikipa, juu ya mvua, na hakuna aliyesema neno juu ya mpira. Nilifurahi nikanunua karanga.

Alhamisi, 20 Machi

Kakataa saba.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Uzi wa katani unavimba, nta haishiki. Nimechomwa na msharasi wa kutobolea ngozi kwenye kidole gumba, na sindano sasa nashika kwa vidole viwili kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Jumatano, 26 Machi

Bwana Narendra kaniita kaunta. Kasema kwa upole, maana ni mpole, siwezi kumsingizia, "Severa, tuongeze upepo. Bladda ikijaa zaidi, mpira utapanda, Bwana Safari ataridhika, wote tutapumua."

Nikampigia hesabu. Nikiongeza upepo mpaka Bwana Safari aone thelathini na tisa, mimi nitaona arobaini na mbili na zaidi. Kwa macho yangu mpira huo umezidi. Nitapigaje mhuri kwenye kitu ninachokiona si sawa?

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo siongezi."

Akavuta pumzi. Mama yake, Ranjanben, aliyeshuka na birika la chai, akamwambia neno la Kigujarati, naye akacheka kidogo. Nikauliza kasema nini. "Kasema wewe ni mgumu kuliko ngozi." Nilikubali na chai nikanywa.

Alhamisi, 27 Machi

Kakataa saba. Safari hii aliandika kwenye karatasi yake na kunitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyoniudhi.

Jumatano, 2 Aprili

Sasa nimejua! Nilikwenda Mchikichini kutafuta nta, na nikapita mbele ya mgahawa wa chai. Ndani kakaa nani? Bwana Safari. Na nani? Kapteni wa timu ile iliyokuwa ikinunua mipira duka jingine mwaka jana, na ambayo ilipiga kelele sana kamati ilipotuchagua sisi. Vichwa vyao vimekaribiana, wananong'ona. Kapteni kamwekea mkono begani.

Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini mtu mzima adanganye juu ya mpira. Jibu hilo hapo, na sukari vijiko viwili.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikungoja hata mpira wa kwanza udunde. Karakana imejaa, timu mbili zimekuja kuchukua mipira yao, watu mpaka barazani. Nikasema kwa sauti ambayo masista wa kwetu Ndanda wangenifungia chumbani, "Bwana Safari, sema unalipwa kiasi gani, ili na sisi tujue bei ya macho yako."

Vichwa vyote vikamgeukia.

Bwana Safari hakupandisha sauti. "Bi Severa," akasema, "nilizika wenzangu kumi na tisa Burma. Sikurudi hapa kuuza inchi." Akaweka karatasi yake mezani, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walinipongeza. Nilijisikia mshindi mpaka saa nane hivi, kisha nikaanza kujisikia njaa, kisha nikagundua si njaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Bwana Narendra kaniuliza mara tatu kama kweli nilimwona na kapteni. Nimesema kweli, nilimwona. Kaandika barua kwa kamati. Kanisomea kwa Kiswahili kabla ya kuitia kwenye bahasha. Imeandikwa "anashukiwa kupokea rushwa". Nilisema sawa.

Jumapili, 13 Aprili

Pasaka. Binti yangu Celina kaandika kutoka kwa masista Ndanda, kasema amekuwa wa tatu katika hesabu, na kasema amewaambia wenzake mama yake ana mhuri. Mvua siku nzima.

Alhamisi, 17 Aprili

Bwana Safari kaja kama kawaida. Hakunisalimu ila kwa kichwa. Kasimama pale pale, wima, mikono nyuma. Kakataa minane, kaandika, kaondoka. Kama anakula rushwa, basi anaila bila aibu.

Benjamini leo hana utani. "Dada, yule mtu hana uso wa mwizi."

"Na mimi nina uso wa mwizi?"

"Hilo sikusema."

"Basi Mngoni aachie mpira akae kimya."

Alhamisi, 24 Aprili

Barua ya kamati imekuja. Jumamosi tarehe tatu Mei watakaa hapa hapa karakana, mbele ya ubao. Ikithibitika rushwa, Bwana Safari anaondolewa na jina lake linatangazwa kwa timu zote. Isipothibitika, mhuri unachukuliwa kwangu na kazi inapelekwa karakana nyingine. Mmoja wetu lazima aanguke.

Bwana Narendra alisoma barua mara mbili akaikunja ndogo sana. Kasema ikiwa kazi hii itaondoka, ataweza kumbakiza fundi mmoja tu. Hakusema yupi. Benjamini ana watoto wanne.

Mhuri ukiondoka sitabaki Dar. Nitarudi Ndanda, na Celina atalazimika kuwaambia wenzake.

Nimeipima tena mipira yote minane aliyoikataa wiki iliyopita. Inafika! Naapa inafika.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda misa.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Lazima niandike hili lote kabla halijanitoka.

Mfereji wa Mtaa wa Msimbazi umefurika jana, maji yakaingia karakana mpaka kifundo cha mguu. Leo asubuhi yalikuwa yametoka, yameacha matope. Tulipiga deki, tukakausha saruji kwa magunia. Mkeka wangu umelowa, tumeutandika barazani haujakauka. Basi sikuwa na pa kukaa. Nikapanda nikakaa juu ya meza ya kukatia ngozi, miguu inaning'inia, nikamwambia Benjamini tuendelee, Jumamosi iko mlangoni.

Mpira wa kwanza ulikuwa ule nilioupima Jumamosi iliyopita nikauandika arobaini na moja. Akaachia.

Thelathini na nane na nusu.

"Achia tena."

Thelathini na nane na nusu. Nikasema bladda imepungua upepo. Nikaruka chini, nikainama kuchukua pampu iliyokuwa kwenye kikapu pembeni ya ubao. Nikiwa nimechuchumaa pale, Benjamini ambaye hajasikia kuwa nimemwambia asubiri, akaachia.

Arobaini na moja.

Nilibaki nimechuchumaa. Nikasema, "Achia." Arobaini na moja. Nikapanda mezani, nikasema, "Achia." Thelathini na nane na nusu. Nikashuka. Nikapanda. Benjamini akaanza kunitazama kama mtu aliyepatwa na homa. Hatujaugusa upepo wala mpira wala saruji. Kilichobadilika ni mimi tu.

Kisha nikaona, na nilitaka kujipiga kofi. Ubao uko ukutani, lakini mpira hauangukii ukutani, unaangukia kama shubiri moja mbele yake. Aliye chini anatazama kwenda juu, kwa hiyo tumbo la mpira linamwangukia kwenye alama iliyo juu zaidi. Aliye juu anatazama kwenda chini, na mpira uleule unamwangukia kwenye alama ya chini zaidi. Mimi ni mfupi na nakaa mkekani. Yeye ni mrefu kama mlango na hakai kazini. Wiki saba tumeitana waongo, na wote tulikuwa tunasema kweli tuliyoiona.

Hapana. Mimi nimemwita mla rushwa mbele ya watu. Yeye aliniambia tu natazama ninachokitaka.

Nikakaa kwenye magunia yaliyolowa. Benjamini kaniletea maji.

"Dada, mbona unalia? Si umepata jibu?"

"Nimepata jibu, Benjamini. Barua ndiyo imekwisha kwenda."

Jumatano, 30 Aprili

Nitasema ukweli hapa, maana pengine sitausema kokote. Leo nimefikiri kunyamaza.

Hakuna ajuaye ila Benjamini, na Benjamini kazi yake kuachia. Nikinyamaza, kamati itakuja, nitakaa mkekani, mwenyekiti mzee ataletewa kiti cha chini karibu yangu, naye ataona kama ninavyoona. Bwana Safari atasimama wima peke yake na inchi zake. Atafukuzwa. Mhuri utabaki. Nilipanga hata kiti kipi.

Kisha nikamfikiria anavyotoka bila mwavuli.

Nimekwenda kaunta nikamwambia Bwana Narendra kila kitu. Nilimwonyesha ubaoni, kwanza chini, halafu juu. Nilidhani atasema nimemwaibisha, maana barua ina jina lake. Akarudi kwenye kiti chake, akamwambia Benjamini aachie, akatazama.

"Thelathini na tisa na nusu," akasema. "Tangu Machi nasema."

Mungu wangu. Ni kweli. Kiti chake cha kaunta kinamweka macho karibu sawa na alama yenyewe. Yule niliyemwita mgawa muhogo ndiye pekee aliyekuwa akiona vizuri. Nilimwomba radhi. Akasema, "Ndiyo maana mama anasema wewe ngozi."

"Jumamosi nitasema mbele ya kamati kuwa nimekosa," nikamwambia. "Wakichukua mhuri, wachukue."

"Wakichukua mhuri," akasema, "mimi nitakuwa na kazi ya kuwaeleza kwa nini nilimpa mwenye macho mawili mema kiti kibaya." Sikulielewa vizuri lakini lilinipa nguvu.

Alhamisi, 1 Mei

Bwana Safari hakuja. Nimeambiwa amesema hatapima tena mpaka Jumamosi. Kazini kwake huko bohari wamesikia habari ya barua, wanamcheka.

Sikula.

Jumamosi, 3 Mei

Imekwisha. Nimelala mchana, nimeamka, nimeoga, sasa naandika.

Walikuja watu watatu wa kamati, na nyuma yao nusu ya Kariakoo. Barazani walisimama mpaka kwenye mfereji. Kapteni yule wa mgahawani alikuwapo. Bwana Safari aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, medali zake mbili kifuani. Alisimama mahali pake. Nilipoziona medali nilitamani ardhi ipasuke.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Bi Severa, barua hii inasema Bwana Safari anakula rushwa. Shahidi ni wewe. Eleza."

Nilisimama. "Mzee, sina ushahidi. Nilimwona akinywa chai na mtu, nikajaza mengine kichwani mwangu. Nimemsingizia."

Makelele. Mtu nyuma akasema, "Si nilikwambia!" Mwingine akasema, "Basi mwizi ni yeye mwanamke!" Mwenyekiti akagonga meza. Bwana Safari hakunitazama. Aliutazama ubao.

"Naomba dakika chache," nikasema, "na naomba Bwana Safari akae kwenye mkeka wangu."

"Nikiwa kazini sikai," akasema.

"Sajini," akasema mwenyekiti, "kaa."

Alikaa. Magoti yalilia, watu wakacheka, na hata hapo alikuwa amenyoosha mgongo kama yuko kwenye gwaride. Mimi nikapanda, sikukaa, nilisimama juu ya meza ya kukatia ngozi, kichwa kinakaribia boriti. Nilimwambia Benjamini aachie mpira ambao mwenyekiti mwenyewe aliuchagua mbele ya kila mtu.

Mpira ukadunda.

"Bwana Safari?" nikauliza.

"Tena," akasema. Benjamini akaachia tena.

"Arobaini na moja kasoro," akasema polepole.

"Mimi huku juu naona thelathini na sita," nikasema. "Ningekuwa wewe ningeukataa."

Kisha mwenyekiti, mzee wa watu na kanzu yake, akasema, "Niachieni na mimi." Akakaa mkekani, akaona. Akapandishwa mezani na watu wawili, akaona. Akasema, "Allah!" Baada ya hapo kila mtu alitaka. Kapteni akapanda, mwanakamati wa pili akachuchumaa, mmoja wa barazani akalala kifudifudi kabisa akasema anaona arobaini na mbili, na Bwana Narendra kwenye kiti chake akawa anarudia kwa kila mdundo, bila kuulizwa, "Thelathini na tisa na nusu."

Bwana Safari alikuwa bado mkekani. Nilishuka nikaenda kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanitoka.

"Bwana Safari, nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Ndiyo maana nimesema mbele ya watu."

"Yule niliyekaa naye mgahawani," akasema, "ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Siku ile tulipata habari mama yao amefariki."

Nilisema pole. Niliisema ikiwa imechelewa mwezi mzima.

"Na mimi," akasema, akijikongoja kuinuka, "nilikwenda nyumbani kila Alhamisi nikamwambia mke wangu kuna mwanamke Msimbazi ni mwizi wa kutupa." Akakohoa. "Nilimwambia mara nyingi sana."

Kamati ikaamua pale pale. Kiti cha kaunta kimesogezwa, na sasa mpimaji na mkaguzi wote watakaa hapo kwa zamu, jicho sawa na alama ya arobaini, wala asipime mtu akiwa mkekani au akiwa amesimama. Kisha tukaipima upya mipira yote kumi na miwili ya ukaguzi wa tarehe kumi na saba Aprili, yote ina mhuri wangu. Tisa ikapita. Mitatu haikufika kweli kweli. Bwana Safari alikuwa amekataa minane. Kwa hiyo mimi nilikosea mitatu na yeye mitano, na mwenyekiti akasema kwa sauti kubwa kuwa wote tumefeli hesabu na wote tunabaki kazini.

Mhuri uko hapa kwenye kikapu. Nimeutazama mara moja tu.

Jumatatu, 5 Mei

Jua! Mkeka umekauka. Benjamini kaleta utani wake wote wa wiki tatu kwa siku moja. Nimemsikiliza wote.

Alhamisi, 8 Mei

Bwana Safari kaja. Kakaa kitini. Alikaa kama mtu aliyewekwa kwenye kiti cha kinyozi, lakini alikaa. Mipira kumi na miwili. Niliona mimi, akaona yeye, tukaandika kila mtu kwenye karatasi yake bila kuoneshana, kisha tukalinganisha. Kumi na moja tulikubaliana kabisa. Wa kumi na mbili tulitofautiana nusu inchi, tukaurudia, nikawa nimekosea mimi.

Alipoondoka akasema, "Jumapili mke wangu anapika. Kasema uje." Kasema hivyo akitazama ukuta.

Nimemuuliza Benjamini kama niende. "Dada, ukiogopa mimi nitakuja nikuachie mlangoni."

Jumapili, 11 Mei

Nilikwenda Buguruni kwa miguu baada ya misa. Njia imekauka, ila sehemu za madimbwi watu wameweka mawe ya kukanyaga. Nimebeba kilo mbili za mchele.

Nyumba ina mlango wa bluu. Nikabisha, "Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Severa. Wa mipira."

Akatokea mwanamke mnene, mzuri wa uso, ungo mkononi. Huyu ndiye Sofia. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka miguu, akarudi juu, akarudi tena chini, kama anayepima.

"Wewe ndiye yule mwizi wa Msimbazi?"

"Ndiye mimi."

"Aliyemwita mume wangu mla rushwa?"

"Huyo huyo, shemeji."

"Mbona mfupi hivi?" akasema kwa mshangao wa kweli. "Mwezi mzima nasikia habari zako, nilidhani unagonga dari!"

Nikaanza kucheka pale mlangoni, sikuweza kujizuia. Naye akaanza, ungo ukamtoka, mchele ukamwagika, na Bwana Safari akatoka ndani mikono nyuma kuuliza kuna nini, ndipo tukashindwa kabisa. Sijacheka hivyo tangu nije Dar.

Nilikula sahani mbili za wali wa nazi na kuku, nikasimuliwa habari za marehemu mama yao, nikaoneshwa picha yake. Radhi niliyokwenda kumwomba Sofia niliikumbuka nikiwa nimevaa viatu, naaga. Nikaisema yote pale kizingitini, maneno yote niliyoyaandaa njiani.

Sofia akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanifungia wali mwingine kwenye jani la mgomba, akaniwekea mkononi.

"Umechelewa," akasema. "Tulikusamehe tangu sahani ya kwanza."